Bendera ya Taifa Katika Michezo ya Kimataifa: Heshima Yake na Deni Lake

Kaboya, wilayani Muleba, wamelala askari wetu waliokufa katika vita vya 1978 na 1979 dhidi ya uvamizi wa Idi Amin. Mwananchi anayefika pale kutoka Bukoba, Kamachumu au Nshamba hahitaji kufundishwa namna ya kusimama mbele ya bendera ya Taifa. Anavua kofia, ananyamaza, anasimama wima. Anajua kwamba kitambaa kile kinasema jambo ambalo maneno hayatoshi kulisema.

Lakini mwananchi huyohuyo, jioni anapoingia kwenye kibanda umiza kuitazama Taifa Stars, anaweza kuikalia bendera kama mkeka, au kuifutia jasho, au kuitundika ukutani ikiwa imegeuka juu chini. Wimbo wa taifa la wageni unapopigwa, anaweza kuuzomea. Hafanyi hivyo kwa ubaya. Anafanya hivyo kwa sababu hajaelezwa kwamba bendera ya Kaboya na bendera ya kiwanjani ni bendera moja.

Katika makala haya tunataka kueleza mambo matatu. Kwanza, bendera yetu ni nini na inatunzwaje. Pili, mataifa yamekubaliana nini juu ya bendera zinapokutana michezoni. Tatu, na hili ndilo kubwa kuliko yote, ni deni gani linalozaliwa pale Taifa linapomkabidhi mwanamichezo bendera yake.

BENDERA YETU NI NINI

Bendera ya Jamhuri ya Muungano ilianza kutumika tarehe 30 Juni 1964, miezi miwili baada ya Tanganyika na Zanzibar kuungana. Jina la Tanzania lenyewe lilipatikana baadaye, tarehe 29 Oktoba mwaka huohuo. Kwa maneno mengine, tulikuwa na bendera kabla hatujawa na jina. Bendera hiyo ilitokana na bendera mbili za nchi zilizoungana, na rangi zake zinatokana na nchi hizo.

Kijani ni ardhi na mimea. Buluu ni maji ya bahari, maziwa na mito. Nyeusi ni wananchi. Njano, au rangi ya dhahabu, ni utajiri wa madini. Mtu wa Kagera hana haja ya kwenda mbali kuzielewa rangi hizi. Migomba na mibuni inayozunguka nyumba yake ndiyo kijani. Ziwa Viktoria, linalowalisha wavuvi wa Bukoba na wa kisiwa cha Bumbire, ndilo buluu. Na yeye mwenyewe, pamoja na mvuvi wa Pemba na mkulima wa Ruvuma ambao huenda hatawaona maisha yake yote, ndio mstari mweusi unaopita katikati.

Mstari huo unaanzia chini kwenye mlingoti na kupanda kwa mshazari hadi pembe ya juu upande unaopepea. Kutokana na umbo hilo, iko kanuni moja rahisi ambayo hata mtoto wa darasa la kwanza anaweza kuikumbuka: kijani huwa juu, buluu huwa chini. Ukiitazama bendera kwa mbele au kwa nyuma, kanuni haibadiliki. Ukiona buluu iko juu, bendera imegeuzwa. Katika desturi za zamani za mabaharia, bendera iliyogeuzwa ilikuwa ishara kwamba chombo kiko taabuni kinaomba msaada. Mshabiki anayeigeuza kwa furaha ya goli anatangaza msiba bila ya kujua.

Utunzaji wa bendera si jambo la hiari tu. Nchi yetu inayo Sheria ya Nembo za Taifa, Sura ya 10, ambayo inazilinda nembo zetu dhidi ya dharau na matumizi mabaya. Na kabla ya sheria iko desturi. Kila siku bendera hupandishwa saa kumi na mbili asubuhi na kushushwa saa kumi na mbili jioni. Filimbi inapolia kituoni au kwenye ofisi ya serikali, mpita njia husimama mpaka kazi ile imekwisha. Baiskeli husimama, bodaboda husimama, na mama aliyejitwisha mkungu wa ndizi husimama pia. Kusimama kule hakumpunguzii mtu chochote. Kwa dakika moja tajiri na maskini wanasimama sawasawa, na huo wenyewe ni mfano wa usawa tunaousema.

Liko pia suala la bendera kupepea nusu mlingoti. Wananchi wa Bukoba na Muleba walilifahamu kwa uchungu tarehe 21 Mei 1996, meli ya MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza na kuchukua roho za mamia ya watu, wengi wao ndugu zetu wa mkoa huu. Utaratibu wake ni huu: bendera hupandishwa kwanza hadi juu kabisa, halafu ndipo hushushwa hadi nusu. Wakati wa kuiondoa hupandishwa tena hadi juu, kisha ikashushwa. Michezoni desturi hiyo hufuatwa vilevile. Mwaka 1972, wanamichezo na makocha 11 wa Israel walipouawa katika Olimpiki ya Munich, bendera zilishushwa nusu mlingoti siku ya kuwaombolezea.

BENDERA ZINAPOKUTANA

Bendera moja ikiwa peke yake, kazi yake ni kuwakumbusha wananchi umoja wao. Bendera nyingi zikiwa pamoja, kazi inaongezeka: zinatakiwa kuonyesha usawa wa mataifa. Kutokana na hilo mataifa yamekubaliana juu ya mambo kadhaa.

(a) Kila bendera iwe na mlingoti wake. Milingoti iwe na urefu mmoja, na bendera ziwe za ukubwa mmoja. Wakati wa amani, kuiweka bendera ya nchi moja juu ya bendera ya nchi nyingine kwenye mlingoti mmoja ni kusema kwamba nchi moja inaitawala nyingine.

(b) Mpangilio hufuata alfabeti, si utajiri wala wingi wa watu. Katika maandamano ya ufunguzi wa Olimpiki, Ugiriki hutangulia kwa sababu michezo hiyo ilianzia kwake, wenyeji huja mwisho, na wengi wa wengine hufuatana kwa alfabeti ya lugha ya wenyeji. Nchi yenye wanamichezo saba hupita mbele ya macho ya dunia sawa na nchi yenye wanamichezo mia sita.

(c) Washindi watatu hupandishiwa bendera za nchi zao, na wimbo unaopigwa ni wa nchi ya mshindi wa kwanza. Wote waliopo uwanjani husimama, pamoja na wale walioshindwa.

(d) Katika mechi za mpira wa miguu za kimataifa, timu mbili husimama mstari mmoja na nyimbo za mataifa yote mawili hupigwa. Mgeni huheshimiwa kabla hajashindwa, na huheshimiwa vilevile akishinda.

Makosa yamekwisha kutokea, na yanafundisha. Katika Olimpiki ya Berlin ya mwaka 1936, Haiti na Liechtenstein ziligundua kwamba bendera walizokuja nazo zilifanana kabisa. Mwaka uliofuata Liechtenstein ikaongeza taji katika bendera yake. Mwaka 2012, kabla ya mechi ya wanawake ya Olimpiki ya London iliyochezwa Glasgow, wachezaji wa Korea ya Kaskazini walionyeshwa kwenye skrini ya uwanja wakiwa na bendera ya Korea ya Kusini. Walitoka kiwanjani, na mechi ilichelewa kwa saa moja hivi. Wapo waliowacheka. Sisi watu wa Kagera hatuna sababu ya kucheka. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Amin yalivuka mpaka, yakateka ardhi yetu ya kaskazini ya mto Kagera, na Amin akaitangaza kuwa ni sehemu ya Uganda. Mtu aliyewahi kuambiwa kwamba shamba lake sasa liko chini ya bendera nyingine anaelewa kwa nini wasichana wale walitoka.

BENDERA HUSEMA HATA ISIPOKUWAPO

Wako wanaosema kwamba michezo ni michezo na siasa ni siasa, na kwamba bendera kiwanjani ni pambo tu. Historia inakataa.

Olimpiki ya Tokyo ya mwaka 1964 ndiyo ya kwanza kwa nchi yetu kushiriki. Katika michezo hiyohiyo, wanamichezo wa jirani zetu wa kusini waliingia siku ya ufunguzi kwa jina la Rhodesia ya Kaskazini, koloni la Uingereza. Siku ya kufunga, tarehe 24 Oktoba, ndiyo iliyokuwa siku ya uhuru wao, wakatoka kwa jina la Zambia na bendera mpya. Walikuwa watu walewale, na miguu ni ileile. Kilichobadilika ni kwamba sasa walikuwa wakijibeba wenyewe.

Mwaka 1976 bendera yetu haikuonekana katika mashindano ya Olimpiki ya Montreal. Timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu, wiki chache tu baada ya watoto wa Soweto kupigwa risasi mwezi Juni. Zaidi ya nchi 20 za Afrika, Tanzania ikiwamo, zikasusia michezo hiyo. Gharama yake ilikuwa kubwa. Filbert Bayi alikuwa katika ubora wake, na dunia nzima ilingoja ashindane na John Walker wa New Zealand katika mita 1500. Bayi hakukimbia, na Walker akachukua dhahabu. Hatuwezi kusema kwamba kijana yule hakupoteza kitu. Alipoteza, tena kitu ambacho hakuna mtu angeweza kumrudishia. Lakini siku ile mlingoti usio na bendera ulisema wazi kuliko hotuba nyingi.

Miaka minne baadaye, katika Olimpiki ya Moscow ya mwaka 1980, Marekani na nchi nyingine zilisusia, na baadhi ya nchi za Ulaya zilizokwenda, Uingereza ikiwa mojawapo, zilitumia bendera ya Olimpiki badala ya bendera zao. Tanzania ilikwenda na bendera yake. Ilipandishwa mara mbili: Filbert Bayi alipopata medali ya fedha katika mita 3000 kuruka viunzi na maji, na Suleiman Nyambui alipopata fedha katika mita 5000. Mpaka mwisho wa Olimpiki ya Paris ya mwaka 2024, hizo ndizo medali pekee za Olimpiki tulizokuwa nazo. Na tukumbuke kwamba ilikuwa mwaka mmoja tu baada ya vita. Bendera iliyopanda Moscow ndiyo iliyokuwa imerudishwa kaskazini ya mto Kagera kwa damu.

KUKABIDHI BENDERA NI KUINGIA DENI

Sasa tufike kwenye desturi yetu wenyewe. Timu ya Taifa inapotaka kusafiri, kiongozi wa serikali au wa Baraza la Michezo la Taifa huikabidhi bendera. Nahodha huipokea kwa mikono miwili mbele ya wenzake. Timu inaporudi hutarajiwa kuirudisha. Ni desturi nzuri. Inamwambia mchezaji kwamba haendi kwa niaba ya klabu yake, wala kabila lake, wala mfuko wake.

Lakini katika utamaduni wetu mtu hakabidhiwi kitu bure. Ukimkabidhi kijana jembe, umemwonyesha shamba na umempa mbegu. Ukimkabidhi mtumbwi, umeukagua kwanza kama hauvuji. Itakuwaje basi tumkabidhi mwanamichezo bendera ya Taifa, jambo kubwa kuliko jembe na mtumbwi, bila ya kumwuliza kama ana viatu, kama alipata kambi, kama alikula vizuri mwezi uliopita? Hapana budi tujikosoe. Tumewahi kuona vijana wakikabidhiwa bendera mbele ya wapiga picha huku nauli yao ikiwa bado inatafutwa. Sherehe ya dakika kumi haiwezi kuziba pengo la maandalizi ya miaka minne.

Upande wa mwanamichezo, deni limekwisha lipwa mara nyingi. Mjini Mexico, tarehe 20 Oktoba 1968, John Stephen Akhwari alianguka katika mbio za marathoni, akaumia goti na bega. Mamo Wolde wa Ethiopia alikuwa amemaliza zaidi ya saa moja kabla, na giza lilikuwa limeingia, Akhwari alipoingia uwanjani akichechemea na mguu umefungwa bendeji. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alieleza kwamba nchi yake ilimtuma kumaliza mbio, si kuzianza tu. Bendera yetu haikupandishwa siku ile, kwa kuwa hupandishiwa watatu wa kwanza, naye alikuwa wa mwisho. Hata hivyo jina lake linatajwa hata leo katika nchi ambazo zimesahau nani alishinda.

Tarehe 2 Februari 1974, mjini Christchurch, Filbert Bayi aliongoza mita 1500 tangu mwanzo hadi mwisho, akaweka rekodi ya dunia ya dakika 3 na sekunde 32.2. Na tarehe 15 Septemba 2025, mjini Tokyo, Alphonce Simbu alishinda marathoni ya dunia kwa kumpita Mjerumani Amanal Petros hatua za mwisho kabisa. Wote wawili waliandikiwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48, na tofauti yao ilikuwa sehemu tatu za mia za sekunde. Hiyo ndiyo ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano ya riadha ya dunia. Mtu anayeona bendera ikipanda siku kama hiyo na ajiulize: katika sekunde zile ndogo, mchango wetu ulikuwa wapi?

JIRANI NA BENDERA YAKE

Kagera inapakana na Uganda, Rwanda na Burundi. Kwetu mambo haya si ya televisheni tu. Mwezi Septemba 2023 Kenya, Tanzania na Uganda zilipewa kwa pamoja uenyeji wa Kombe la Mataifa ya Afrika la mwaka 2027, na mshabiki wa Bukoba yuko karibu zaidi na Kampala kuliko Dar es Salaam. Barabara ya Mutukula, ambayo mwaka 1979 ilipita vifaru, ni barabara ya washabiki.

Ndugu aliyezaliwa wakati wa vita anaweza kuuliza: Je, niisimamie kwa heshima bendera ya Uganda? Jibu letu ni ndiyo. Mwaka 1979 jeshi letu halikupigana na bendera ile. Lilipigana na dikteta aliyejificha nyuma yake, tena liliingia Kampala bega kwa bega na wapiganaji wa Uganda wenyewe. Anayewazomea Waganda leo kwa makosa ya Amin anampa Amin heshima asiyostahili, ya kuwa yeye ndiye Uganda. Tarehe 24 Machi 2019 Taifa Stars iliifunga Uganda mabao 3 kwa 0 Dar es Salaam, ikafuzu Kombe la Afrika kwa mara ya kwanza tangu 1980. Uganda nayo ilifuzu, na bendera zote mbili zikapepea Misri. Hivyo ndivyo majirani wanavyopaswa kushindana.

Vilevile wapo wanaotatizwa na bendera ya Zanzibar wanapoiona kwenye Kombe la Chalenji. Zanzibar ina timu yake katika mashindano ya Afrika Mashariki na Kati, na mwaka 1995 ilitwaa kombe hilo nchini Uganda. Tangu Januari 2005 ina bendera yake, na ndani ya bendera hiyo, pembeni juu karibu na mlingoti, imo bendera ya Muungano. Katika Olimpiki, Wazanzibari na Watanganyika huandamana chini ya bendera moja ya Muungano. Kila shirika la michezo lina kanuni zake za uanachama. Mwaka 2017 Shirikisho la Soka la Afrika liliipokea Zanzibar mwezi Machi, na mwezi Julai likatengua. Asiyezijua kanuni hizo huona ugomvi mahali pasipo na ugomvi.

TUFANYE NINI

Elimu isiyogeuka kuwa kazi haina faida. Kwa hiyo tunapendekeza mambo yafuatayo kwa wananchi wa Bukoba na Muleba, na kwa wengine wote.

Kwanza, walimu wawafundishe watoto kanuni ya kijani juu, buluu chini, na wawape zamu ya kupandisha na kushusha bendera, wavulana kwa wasichana.

Pili, wenye vibanda umiza waitundike bendera sawasawa, mahali pa juu, na wawaombe watazamaji kusimama nyimbo zote mbili zinapopigwa. Bendera iliyochanika au kufifia iondolewe kwa heshima, isigeuzwe kitambaa cha kufutia meza.

Tatu, uwanja wa Kaitaba, ambao kwa miaka mingi umekuwa nyumbani kwa Kagera Sugar, pamoja na viwanja vya shule, viwe mahali pa kujizoeza. Timu kutoka ng'ambo ya mpaka inapokuja, hata kwa mechi ya kirafiki, bendera yake itafutwe mapema, iwe ya ukubwa sawa na yetu.

Nne, kila timu inapokabidhiwa bendera, kuanzia ya wilaya hadi ya Taifa, wananchi waulize hesabu: kambi ilikuwa ya siku ngapi, vifaa vimepatikana, nauli iko wapi? Kuuliza hivyo si kukosa uzalendo. Ni kuiheshimu bendera, kwa kuwa yule anayeibeba ndiye anayebeba heshima yetu wote.

Wahenga walimwita mtu asiye na msimamo bendera fuata upepo. Walisema kweli juu ya kitambaa, kwa maana kitambaa hufuata upepo. Lakini mlingoti haufuati upepo. Wale waliolala Kaboya walikuwa mlingoti. Akhwari alikuwa mlingoti katika giza la Mexico. Kazi iliyobaki ni yetu tulio hai, na tutaianza kwa kuuliza, siku timu itakapokabidhiwa tena bendera, kama na sisi tumetimiza sehemu yetu.